Vitu vya Nyumbani na Safari Zake: Tunachokiita Chetu Kilitoka Wapi?

Utangulizi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, Idara yetu inapowapokea wanafunzi wapya, huulizwa swali lile lile. Kwa nini Muganda, Mnyankole, Mwacholi au Mteso ajifunze Kiswahili, ilhali hii ni lugha ya kigeni iliyoletwa na watu wa pwani? Swali hili si la jana wala juzi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akatoa maandishi ya kulipinga pendekezo hilo. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kwa wananchi wengi waliokuwa wamekizoea kukisikia vinywani mwa askari, tangazo lile liliongeza woga kuliko mapenzi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi ya serikali, basi, yamekuwapo kwa miaka mingi. Swali la wanafunzi nalo lingalipo.

Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala wa sera, kwani wako wenzetu waliokwisha kuuandikia kwa kina. Tumekusudia kumchukua msomaji hadi nyumbani kwake, tukitazame kile kilichomo jikoni, kabatini, sokoni na ukutani penye kalenda, kisha tuulize: hiki nacho kilitoka wapi? Tunaamini kwamba mtu akikwisha kuijua safari ya sahani yake na ya vazi lake la harusi, atalitumia neno "kigeni" kwa uangalifu zaidi. Mifano yetu mingi tumeitoa katika Luganda, kwa kuwa ndiyo lugha inayosikika zaidi mjini Kampala, lakini wasemaji wa lugha nyingine watapata mifano kama hiyo kwao bila taabu.

Kitu kigeni hupataje jina?

Kabla ya kuingia ndani ya nyumba, ni vyema tueleze jambo moja la kiisimu. Kitu kigeni kinapofika mahali, watu wa pale hukiita kwa mojawapo ya njia tatu. Njia ya kwanza ni kulipokea jina lililokuja nacho na kulilainisha lifuate matamshi ya wenyeji. Njia ya pili ni kukipa jina la kitu kinachofanana nacho, au la nchi ambako watu wanadhani kimetoka. Njia ya tatu ni kukiita kwa jina la mtu aliyekileta au aliyekitengeneza. Njia zote tatu zimetumika hapa kwetu, kama tutakavyoona. Tutaona pia kwamba jina laweza kutuongoza hadi kwenye asili ya kitu, na laweza vile vile kutupoteza njia kabisa.

Jikoni na mezani

Tuanze na meza. Neno hili ni la Kireno, mesa, na lilibaki pwani pamoja na maneno mengine ya Wareno waliotawala sehemu za pwani yetu tangu karne ya 16 hadi Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Kutoka katika Kiswahili lilisafiri hadi Buganda likawa emmeeza. Lakini tazama kiti kilichopo kando ya meza hiyo. Kwa Luganda ni entebe, neno la wenyeji wenyewe, na mji wa Entebbe umepata jina lake humo. Kwa nini kiti kiwe na jina la nyumbani na meza iwe na jina la mbali? Jibu ni kwamba kukaa juu ya kigoda au kiti lilikuwa jambo la zamani hapa, na tena lilikuwa jambo la heshima na la utawala. Chakula nacho kilitandazwa juu ya majani ya migomba, watu wakakaa juu ya mikeka. Meza ilipofika haikukuta jina la kuchukua, ikabaki na lake.

Sufuria ambayo kwa Luganda ni essefuliya ina kisa kingine. Jina hili linatokana na neno la Kiarabu lihusulo shaba, kwani masufuria ya kwanza yaliyopokewa pwani yalikuwa ya shaba. Leo masufuria yetu karibu yote ni ya alumini. Shaba imetoka jikoni zamani, jina lake limebaki. Birika, au ebbinika, lina safari ndefu zaidi: Waarabu walilisema ibriq, nao walilipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ilikuwa ni chombo cha kumiminia maji. Kwa hiyo mama wa Masaka anapolitenga ebbinika juu ya moto, analitamka neno lililopita Uajemi, Arabuni na Unguja kabla ya kufika kwake, na maana yake haikubadilika sana njiani.

Ndani ya birika hilo mna chai, caayi kwa Luganda. Mmea ni wa China, na jina pia. Wanahistoria wa lugha hugawa ulimwengu mara mbili kwa neno hili. Watu waliopata chai kwa njia ya misafara ya nchi kavu kupitia Uajemi, na wengine waliopokea kutoka kwao, husema chai au neno la karibu na hilo. Wale waliopata kwa meli za Waholanzi kutoka pwani ya kusini ya China walichukua tamko la huko, te, ndiyo maana Waingereza na Wafaransa wana neno lao. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba sisi tulitawaliwa na Waingereza, tukalima chai kwa ajili ya viwanda vyao, tukajifunza kutia maziwa kama wao, lakini hatukuchukua neno lao. Neno la pwani lilikuwa limekwisha kufika na kukaa. Sukari tunayotia, ssukaali, ni ya safari ya Kihindi: Kisanskriti, kisha Kiajemi, kisha Kiarabu, ndipo Kiswahili.

Baada ya kula tunanawa kwa sabuni, ssabbuuni. Wengi huhesabu neno hili kuwa la Kiarabu, na ni kweli lilipitia huko. Lakini Waarabu nao walilipokea kutoka magharibi. Mwandishi wa Kirumi Pliny, katika karne ya kwanza BK, alilitaja neno sapo akieleza kwamba ni kitu cha Wagali, yaani watu wa nchi iitwayo sasa Ufaransa, waliochanganya mafuta ya wanyama na majivu ili kuzipa nywele zao rangi nyekundu. Kazi yake ya kwanza kuandikwa haikuwa kufua wala kuoga. Ilikuwa ni urembo wa nywele!

Kikapu cha sokoni na majina yanayopotosha

Sasa tutoke kidogo hadi sokoni Nakasero au Owino. Kikapu cha mnunuzi wa kawaida kina mahindi, muhogo, maharage, nyanya, nanasi, papai na mapera. Vyote hivi vilitoka Amerika! Kabla ya Columbus kuvuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1492, hapakuwa na mtu yeyote Afrika Mashariki aliyewahi kuonja hata kimoja. Wareno ndio waliovisambaza vingi kati ya vyakula hivi katika pwani za Afrika, kisha vikaingia bara mkono kwa mkono, mara nyingi mbele ya Wareno wenyewe.

Majina yake yanatufundisha ile njia ya pili tuliyoitaja. Mahindi kwa Kiswahili yanaonekana wazi kuitwa kwa jina la Wahindi, ingawa zao hilo lilianza kulimwa Mexico. Watu wa pwani walizoea kupokea bidhaa kutoka upande wa mashariki kwa meli za kaskazi, basi nafaka hii mpya nayo ikahesabiwa kuwa ni ya huko. Tusishangae, maana Waingereza wana ndege wa Amerika wanayemwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Pera nalo ni neno la Kireno, ila kwa Kireno ni tunda jingine kabisa la nchi za baridi. Wareno walipokuta tunda la Amerika lenye umbo la kufanana na lile la kwao, jina likahama. Leo mtoto wa Jinja anayepanda mpera na kula eppeera hajui kwamba analiita tunda la Brazil kwa jina la tunda la Ureno. Nanasi, kwa upande wake, lilikuja na jina lake halisi kutoka katika lugha za wenyeji wa Amerika ya Kusini, likapita kwa Wareno, na hapa tukaliita ennaanansi.

Pilipili ina kisa cha namna yake. Neno hili lina asili ya Kisanskriti, nalo lilikuwa jina la pilipili ndefu ya Bara Hindi, ndugu wa pilipili manga, na lilijulikana katika biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya 1492. Pilipili kali nyekundu na za kijani zilipofika kutoka Amerika, zilikuwa kali kama ile ya zamani, zikanyang'anya jina. Ile ya zamani ikalazimika kuongezewa neno "manga" ili itambulike. Mgeni aliingia, mwenyeji akabadilishiwa jina! Wanafunzi wetu wa isimu historia wanaombwa kulikumbuka hili kila wanapotaka kuthibitisha asili ya kitu kwa kutumia jina lake peke yake.

Vazi la harusi

Hakuna mahali ambapo neno "asili" hutumiwa kwa fahari kama katika sherehe ya kwanjula, pale kijana anapotambulishwa kwa wazazi wa msichana. Wanaume huvaa kanzu na koti juu yake. Wanawake huvaa gomesi. Mtu asiyevaa hivyo huambiwa ameiacha mila. Ni vyema basi tuitazame mila hii kwa makini.

Vazi la zamani la Buganda ni olubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba. Magome hubanduliwa, hupikwa kwa mvuke, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao hadi yawe laini na mapana, na mti hufungwa majani ya mgomba ili uote magome mengine. Ufundi huu UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu usioshikika, na ukaingizwa katika orodha rasmi mwaka 2008. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika jumba la Kabaka Suuna II. Wafanyabiashara waliofuata walileta bunduki, shanga na nguo za pamba. Wakati wa Mutesa I kanzu ilikuwa vazi la jumba la mfalme, na Kabaka mwenyewe alikuwa amejifunza Kiswahili na kusoma maandishi ya Kiarabu. Henry Stanley alipofika mwaka 1875, na wamishenari wa kwanza wa Kiprotestanti walipofika mwaka 1877, waliweza kuzungumza na watu wa jumba hilo kwa lugha waliyokuwa wamejifunza Unguja. Hiyo ina maana kwamba Kiswahili kilikuwa kimeingia Buganda miaka mingi kabla ya Waingereza kuleta askari wao, na kiliingia pamoja na kanzu, kitabu na karatasi. Kanzu ilipokewa ikawa mila. Lugha iliyokuja nayo ndani ya mzigo mmoja ikaitwa ya kigeni. Hapo ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo afikiri. Na lile koti la juu, kwa jina na kwa mshono, ni la Mwingereza.

Pamba nayo haikuwa ya Waarabu. Katika karne ya 19 kitambaa kilichotafutwa kuliko vyote Afrika Mashariki kiliitwa merikani, na jina lasema kweli safari hii: kilitoka Amerika, hasa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan ulitiwa saini mwaka 1833, na merikani ikawa nguo na fedha pia katika njia za misafara hadi ndani ya Kongo. Wapagazi walilipwa kwa mikono ya merikani, na wakuu walipokea hongo ya njia kwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani kati ya 1861 na 1865, kitambaa hicho kiliadimika, na wafanyabiashara wa Bombay na Uingereza wakaingiza vitambaa vyao mahali pake.

Gomesi ndiyo mfano wetu wa njia ya tatu. Vazi hili lenye mabega yaliyoinuka, vifungo viwili upande wa kushoto wa shingo na mshipi mpana kiunoni lina jina la Gomes, fundi cherehani Mgoa aliyefanya kazi Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Goa ilikuwa koloni la Ureno katika pwani ya Bara Hindi hadi mwaka 1961, na watu wake wengi walikuwa na majina ya ukoo ya Kireno. Kwa hiyo bibi harusi wa Kiganda huvikwa vazi la mila lenye jina la Kireno, lililopambwa na fundi wa Kihindi, na ndani yake hufunga kikoi cha pwani ili kitambaa kikae vizuri. Je, vazi hilo si la Kiganda? Ni la Kiganda kabisa. Mwanamke wa Goa halivai, wala Mreno halijui. Wanawake wa Uganda ndio waliolivaa shambani, kanisani, msikitini na matangani, wakalipa adabu na maana, hata likawa lao.

Siku tatu zinazoitwa "ya tano"

Tunakuja sasa kwenye desturi ambayo huwasumbua wanafunzi wetu kuliko kitu chochote cha sarufi: siku za juma. Mwanafunzi wa Kiganda huambiwa mkutano ni Jumatatu. Akilini mwake anahesabu "tatu", anakumbuka Olwokusatu, siku ya tatu kwa Luganda, naye huja Jumatano. Amechelewa siku mbili, na kwa hesabu ya lugha yake hajakosea.

Tufungue kalenda tuone. Kwa Kiswahili, mosi, pili, tatu, nne na tano huanza kuhesabiwa Jumamosi. Kwa hiyo siku ya tano ni Jumatano. Kesho yake ni Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo maana yake pia ni siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kesho kutwa ni Ijumaa, ambayo kwa Luganda ni Olwokutaano, yaani siku ya tano, kwa sababu Waganda huanza kuhesabu Jumatatu. Siku tatu mfululizo, zote zaitwa "ya tano", na hakuna hata moja iliyokosewa!

Siri ya jambo hili imo katika dini. Kila hesabu imeanzia kesho yake ya siku kuu fulani ya ibada. Majina ya Kiswahili yamepangwa na watu ambao siku yao kuu ni Ijumaa, siku ya mkusanyiko msikitini, hivyo siku ya kwanza ni ile inayofuata. Hesabu ya Kiarabu yenyewe ni ya kale kuliko Uislamu, nayo inalingana na ya Wayahudi, ambao sabato yao ni Jumamosi, basi ya kwanza ni Jumapili. Luganda kilipangiwa juma na watu waliopokea Ukristo, wakaiita Jumapili Ssabbiiti, yaani sabato, na hesabu ikaanza kesho yake. Jumatatu yenyewe waliiita Bbalaza, jina ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili atalisikia kuwa ni baraza, mahali pa kukaa na kuamua mambo. Katika siku tatu za katikati ya juma, basi, mmehifadhiwa historia ya dini tatu zilizokutana ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na tunazitamka kila wiki bila kuzisikia.

Saa haihitaji maelezo marefu. Kiswahili na Luganda vyote huhesabu saa tangu jua linapochomoza, hivyo saa moja asubuhi ni essaawa emu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, hesabu hii ni rahisi na ina maana. Kuigawa siku na usiku katika saa 24 ni kazi ya Wamisri wa kale, na dakika 60 ni urithi wa hesabu za Wababeli.

Fedha mfukoni

Tumalizie mfukoni. Kwa Luganda fedha ni ensimbi, na maana ya kwanza ya neno hilo ni simbi, yaani kauri, vile vigamba vidogo vya Bahari ya Hindi vilivyotumika kama fedha Buganda kabla ya sarafu. Bahari iko umbali wa zaidi ya kilomita 800, lakini jina la fedha ni la kitu cha baharini. Ssente, jina jingine la fedha, ni senti ya Mwingereza. Pesa ya Kiswahili yatokana na paisa ya Bara Hindi, ambayo 64 zilifanya rupia moja. Shilingi tuliipata mwaka 1921.

Wenzetu wa Burundi wana ushahidi mwingine. Kirundi huita fedha amahera, neno lililotokana na hela, sarafu ambayo Wajerumani waliileta katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904, ambapo hela 100 zilikuwa rupia moja. Utawala wa Wajerumani ulimalizika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu ikafa, na jina lingali hai Bujumbura. Shule nayo ni neno la Kijerumani, na Kinyarwanda kikalifanya ishuri. Sisi wa Uganda tumetoa pia, si kupokea tu: bodaboda ilianza na baiskeli zilizowavusha watu na mizigo pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na jina lake ni neno la Kiingereza la mpaka likirudiwa mara mbili na wapiga debe. Leo linasikika Nairobi, Dar es Salaam na Kigali, na limo katika Kiswahili cha kila siku.

Hata matooke?

Kufikia hapa msomaji wa Buganda aweza kusema: sawa, mezani mwetu mmejaa wageni, lakini matooke ni yetu. Tunakubali kwamba ni yenu, ila si kwa sababu ya asili. Migomba ya mwitu iliyozaa ndizi zote za kuliwa ni ya Asia ya Kusini Mashariki na New Guinea. Ndizi za kuliwa hazina mbegu za kupandwa. Mgomba hauwezi kupeperushwa na upepo wala kubebwa na ndege. Lazima mtu achimbe chipukizi, alibebe, alipande. Kila shina la mgomba lililoko Afrika ni ushahidi wa mkono wa mtu aliyelibeba babu yake kuvuka maji. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta watu wakila ndizi na samaki. Hadithi ya Kintu yenyewe inakubaliana na hayo kwa namna yake, kwani husimulia kwamba mgomba ulikuja na Nambi kutoka kwa baba yake, Ggulu, mbinguni. Mababu walijua kwamba ulitoka mahali pengine.

Lakini mgomba ulipofika nyanda za juu za Maziwa Makuu, wakulima waliutazama, wakachagua machipukizi yenye sifa walizozitaka, wakayapa majina, wakarithisha. Kwa kizazi baada ya kizazi wakapata makumi ya aina za ndizi za kupika na za pombe ambazo hazipatikani Asia wala popote pengine duniani. Wataalamu wa mimea huzihesabu kuwa kundi la peke yake, ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huo ndio umilikaji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgomba ulipewa jembe, nao ukalima hata ukawa mwenyeji.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la kitu laweza kusema kweli, kama merikani, au kupotosha, kama mahindi. Tumeona pia kwamba asili ya kitu haiamui ni cha nani. Meza, kanzu, gomesi, muhogo na matooke vilitoka mbali, na hakuna anayefikiria kuvirudisha. Vimekuwa vyetu kwa sababu tumevifanyia kazi. Kiswahili kilifika hapa katika misafara ile ile na mikononi mwa watu wale wale, na sehemu yake kubwa iliingia Luganda, Lusoga na Lunyoro bila kupigiwa kura. Tofauti ni kwamba kanzu tuliipa kazi, na Kiswahili tulikiacha sebuleni kama mgeni wa siku mbili. Kwa hiyo mwanafunzi anayetuuliza kwa nini ajifunze lugha ya kigeni tungemjibu hivi: lugha hii utaiita ya kigeni hadi utakapoiandikia, utakapoifundishia na kuitungia mambo ya kwenu.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaombwa kufanya zoezi dogo wakati wa likizo. Nenda nyumbani, andika majina ya vitu 20 vilivyomo jikoni kwa lugha yenu ya mama, kisha yaweke kando ya majina ya Kiswahili. Waulize wazee ni lini kila kimoja kilifika na nani alikileta. Orodha hizo zitapokewa ofisini mwa Idara mwanzo wa muhula ujao, nasi tutazichapisha zile zitakazotufundisha jambo jipya.